Figo Jipya, Moyo wa Zamani

Maandiko ya kusoma: Yohana 5:1-15, Yeremia 17:10

Tunawasalimu ninyi wa Kikula, wa Panda, wa Shituru na wa mjini Likasi, na ninyi wa Kambove mnaotupata vizuri siku ambazo umeme haukukatika.

Somo la leo limetoka kwa mama mmoja wa kanisa letu. Alitungojea mlangoni baada ya ibada, watu wote wakiwa wamekwisha kutawanyika, akatuuliza: “Baba Pasta, mume wangu si alipona? Mbona akipanda kilima cha kanisa anahema kama mtu aliyefukuzwa na mbwa?” Siku ile hatukumjibu vizuri. Tulimwombea, tukamwambia asiwe na hofu. Mzee mmoja aliyekuwa karibu akasema ni shambulio la adui linalotaka kumnyang'anya ndugu yule muujiza wake. Nasi tulinyamaza. Leo tunataka kujibu swali lile jinsi tulivyopaswa kulijibu, na ndugu mwenyewe ametupa ruhusa, ila tusitaje jina lake.

Wengi wenu mnakumbuka habari zake. Alikuwa na tansio ya juu miaka mingi bila kujua, kwa maana tansio haiumi. Ilipojulikana, mafigo yalikuwa yamekwisha kufa. Akaanza safari za Lubumbashi, kilomita 120 kwenda na 120 kurudi, kwenda kulala kwenye mashine ya kusafisha damu. Aliporudi jioni hakuwa na nguvu ya kushika kijiko. Kisha dada yake, mdogo wake wa tumbo moja, akasema: “Mimi ninayo mawili, chukueni moja.” Kanisa lilichanga. Wamama waliuza mikate na maharagi, vijana walifua magari, na mtu mmoja aliuza kinga yake. Wakaenda India, kama wanavyofanya Wakongo wengi, ingawa siku hizi hata ndugu zetu wa Tanzania wanafanya kazi hiyo kwao: hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza mafigo Novemba 2017. Walirudi wote wawili wakiwa hai. Siku ile ya ushuhuda ngoma zilipasuka, mnajua.

Basi, tulifanya nini baada ya hapo? Tulimwekea kiti. Kiti kizuri chenye mito, mstari wa mbele. Tukamwambia, “Baba, kaa, usiguse kitu chochote.” Akitaka maji, mtoto anakimbia. Akitaka kwenda msalani, watu wawili wanamshika mikono kama askofu. Nyumbani ilikuwa vile vile: bukari asubuhi, bukari jioni, nyama, makayabu, kwa sababu kwenye mashine alikuwa amekatazwa vyakula vingi na sasa mke wake alifurahi kumwona anakula. Kwa mwaka mmoja alinenepa sana, uso ukawa mviringo. Tukasema, angalieni baraka. Na kilima cha kanisa, ambacho watoto wanakipanda wakiimba, kwake kiligeuka kuwa Mlima Sinai. Alisimama mara tatu kabla ya kufika mlangoni.

Siku moja alienda Lubumbashi kupimwa, na mganga akamwuliza, “Ni nani aliyekuambia ukae?” Akajibu, “Kanisa.” Alipotusimulia jambo hilo tulikosa mahali pa kuweka uso.

Sasa tufungue Yohana sura ya tano. Pale kwenye birika la Bethzatha kulikuwa na mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38. Mnaijua habari hiyo. Yesu alimpa amri tatu kwa mara moja: asimame, achukue kile alichokuwa akilalia, atembee. Tumeihubiri mara nyingi na sikuzote tunakimbilia ile ya kwanza, kusimama, kwa sababu hapo ndipo watu wanapiga vigelegele. Ya tatu tunaipita. Bwana angeweza kumwacha alale wiki mbili ajipumzishe, lakini hakufanya hivyo. Alimtwika mzigo na kumtuma barabarani, tena siku ya Sabato, hata wakuu wa dini wakakasirika. Uponyaji ulianza na neno, ukaendelea katika miguu.

Kuna jambo jingine tulilojifunza kwenye chuo cha Biblia, tukaliandika kwenye daftari na kulisahau mpaka mwaka huu. Katika Yeremia 17:10 Mungu anasema kwamba anachunguza moyo na kupima viuno. Lile neno linalotafsiriwa viuno, katika Kiebrania ni mafigo. Ndugu wanaosoma Biblia ya Kifaransa ya Segond wameliona pale. Na si Yeremia peke yake. Zaburi ya 7 na ya 26 zinaweka vitu hivyo viwili pamoja, moyo na mafigo. Watu wa zamani walikuwa wanasema juu ya mawazo ya siri ya mtu, si juu ya hopitali, hatutaki kulivuta Neno kwa nguvu. Lakini waganga wa leo nao wanaviweka pamoja, na kwa sababu wanazoweza kuzionyesha kwa vipimo.

Tueleze jinsi inavyokuwa. Mmewaona vijana wanaoleta makala mjini kwa kinga, magunia matatu, manne, wanasukuma kwenye mwinuko huku jasho linatiririka. Kijana kama huyo mikono yake inakuwa minene. Moyo nao ni nyama inayosukuma. Figo likifa, tansio inapanda, maji yanajaa mwilini, damu inapungua na kuwa nyepesi, na moyo unalazimika kusukuma mzigo ule usiku na mchana. Unanenepa ukuta. Lakini unene wa moyo si kama unene wa mkono. Ukuta ukiwa mnene unakuwa mgumu, chumba cha ndani hakijai damu vizuri, na mishipa inayotoka humo inakakamaa kama mpira wa maji ulioachwa juani. Mtu anaweza kukaa hivyo miaka mingi.

Ndipo anapewa figo jipya. Damu inasafishwa, maji yanatoka, tansio inashuka kidogo, damu inaongezeka. Moyo nao unaanza kupungua ukuta, Mungu asifiwe. Lakini haurudi wote mahali pake, na haurudi kwa siku moja. Mgonjwa ana figo jipya na moyo ule ule wa zamani, uliochoka kwa miaka ya kusukuma. Tukaambiwa jambo lililotushtua: duniani kote, ugonjwa wa moyo na mishipa ni mojawapo ya sababu kubwa zinazoua watu waliopandikizwa figo, na wengi wao wanakufa figo lenyewe likiwa bado linafanya kazi vizuri. Figo zima, mtu kaburini. Hatukuwahi kumwombea ndugu yetu juu ya moyo. Maombi yetu yote yalikuwa juu ya figo.

Na dawa je? Dawa zile zinazozuia mwili usilikatae figo la mtu mwingine, hizo ni lazima, kila siku, kwa saa ile ile, maisha yote ya figo. Lakini zina gharama yake mwilini. Prednisoni inaleta hamu ya kula, inajaza uso, na inakula nyama ya mapaja. Ndiyo maana mtu ananenepa juu huku miguu inakosa nguvu. Takrolimusi na siklosporini zinaweza kupandisha tansio, na takrolimusi hasa inaweza kuleta sukari. Ongeza hapo miaka ya kulala kwenye mashine, misuli ikiwa imekauka, na sisi na kiti chetu. Waganga wanapima jinsi mwili unavyoweza kutumia hewa wakati wa kazi ngumu. Kwa watu waliopandikizwa kipimo hicho kinapanda kidogo baada ya operesheni, kisha kinasimama chini ya kile cha watu wazima wa umri wao. Hakipandi zaidi chenyewe. Kinapandishwa kwa kutembea na kufanya kazi.

Hapa tunasikia mtu anasema: Pasta, mtu mwenye figo la kupewa, kweli afanye mazoezi? Litafunguka! Ndugu, tuwaambie habari ya mchezaji mmoja wa mpira, maana mpira mnauelewa kuliko mahubiri. Ivan Klasnić wa Kroatia, mshambuliaji wa Werder Bremen kule Ujerumani. Mwaka 2007 mafigo yake yalikuwa yamekufa. Mama yake akampa figo, mwili ukalikataa. Baba yake akampa la pili, likakubali. Mwaka 2008 alikuwa uwanjani kwenye kombe la mataifa ya Ulaya, akaifunga Poland bao. Figo la baba yake lilimchukua miaka kadhaa, kisha likachoka, naye akahitaji jingine tena. Hatusemi kila mtu atacheza kama Klasnić. Yeye alikuwa na waganga wa timu na mwili wa mchezaji tangu utotoni. Tunasema tu kwamba kukimbia hakukuling'oa figo. Mwaka 2013, Durban, Afrika Kusini, watu kutoka nchi nyingi waliopandikizwa viungo walikusanyika kushindana, wakakimbia, wakaogelea, wakaendesha kinga. Michezo hiyo ipo tangu mwaka 1978.

Kuna na jambo la watu wa kawaida, ambalo linatufaa zaidi. Kule San Francisco, Marekani, Patricia Painter na wenzake walichukua watu waliopandikizwa figo karibuni, wakawagawa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa mpango wa mazoezi ya kufanya nyumbani, nusu wakaendelea na matunzo ya kawaida. Matokeo yalitolewa mwaka 2002. Baada ya mwaka mmoja wale waliofanya mazoezi walikuwa na pumzi zaidi na misuli yenye nguvu zaidi. Nyumbani kwao, wala hawakwenda kwenye chumba cha mashine za bei. Lakini tuseme ukweli wote: watafiti wale wale walipoangalia hatari ya ugonjwa wa moyo kwa jumla, mafuta ya damu na mengine, mazoezi peke yake hayakutosha kuibadilisha. Kwa hiyo asitokee mtu akasema, natembea kila siku, basi naacha dawa ya tansio. Vyote vinakwenda pamoja, kutembea, dawa, chumvi kidogo, na tumbaku kutupwa kabisa.

Jinsi ya kuanza, tunawaambia kama tulivyoambiwa. Kwanza, mwone mganga anayekufuata, kwa maana wako wenye moyo unaohitaji kupimwa kabla ya kupewa mzigo wowote. Wiki sita hadi nane za kwanza baada ya operesheni usinyanyue kitu kizito. Bidoni ya maji ya litre 20 ni kilo 20. Usiiguse, hata kama bomba liko mbele ya lupangu lako. Kutembea kunaruhusiwa tangu hopitalini. Figo jipya haliwekwi mgongoni mahali pa yale ya zamani. Linawekwa mbele, chini ya tumbo, upande mmoja, ambapo hakuna mbavu za kulilinda. Ndiyo sababu mieleka, ngumi na mpira wa kugongana si vyema kwa wengi wetu, na ukiendesha kinga angalia usukani usikuchome tumbo. Anza dakika tano au kumi, ongeza kidogo kila wiki. Lengo ambalo waganga wanalitaja ni dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwendo ni huu: uweze kuongea na mwenzako, lakini ukitaka kuimba kikorasi pumzi ikukatalie. Ukiweza kuimba kikorasi chote na kurudia, unatembea kama mtu anayekwenda kulipa deni.

Miguu iliyoliwa na prednisoni inahitaji na kazi yake. Ndugu yetu anasimama na kuketi kwenye kiti bila kushika mikono, mara kumi, anapumzika, mara kumi tena. Kiti kile kile tulichompa! Sasa kinamtumikia vizuri.

Tembeeni mapema, kabla jua halijawa kali, na vaeni kofia, maana dawa hizo zinaifanya ngozi iwe rahisi kupata saratani kwa jua. Tafuteni njia za ndani. Ile barabara kubwa ya malori yanayotoka Kolwezi kwenda Lubumbashi ina vumbi na moshi, na mapafu ya mtu anayetumia dawa hizi hayana walinzi wengi. Na mtu akisikia maumivu ya kifua, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au pumzi inakatika akiwa amekaa tu, au miguu inavimba, hapo asiendelee kwa imani. Asimame, apelekwe hopitali siku hiyo hiyo. Tunarudia kwa wazee wa kanisa: apelekwe kwanza, maombi tutayafanya garini.

Tumefika mahali ambapo sisi wahubiri tunahusika. Kufunga. Tunapenda kutangaza siku tatu kavu, bila chakula wala maji. Mtu mwenye figo la kupewa asifunge kavu. Figo hilo likikosa maji linaumia, na saa ya dawa ikipita mwili unaweza kuamka na kulishambulia. Afunge maneno mabaya, afunge simu, Mungu anaona. Na yule nabii anayepita Likasi akisema, “Umepona, tupa vidonge,” tunasema mbele ya redio hii kwamba anaua. Mfalme Hezekia aliahidiwa miaka 15 na Mungu mwenyewe, na bado Isaya aliagiza bonge la tini liwekwe juu ya jipu. Nabii wa kweli aliagiza dawa. Vivyo hivyo chupa za mizizi za sokoni, na vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo tunavimeza kama karanga baada ya kazi ya shamba: vinaweza kuliharibu figo. Uliza kwanza.

Chumvi. Kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, kwa vyote. Makayabu peke yake yanaweza kukimaliza, bila kuhesabu kube za supu mnazotia katika sombe. Mama yule aliyetuuliza swali sasa analoweka makayabu usiku kucha, anabadilisha maji mara tatu, na anayapika mara moja kwa mwezi. Anasema mume wake alinung'unika wiki mbili, kisha ulimi ukazoea. Tansio waliyopewa kama mpaka ni 13 kwa 8, isipite hapo. Wamenunua kipimo chao cha mkono.

Kumbe kuna jambo lililotuuma kuliko yote. Kanisa lilichanga kwa ajili ya ndege. Kwa ajili ya vidonge hatukuchanga. Ndege ni ya siku moja na watu wanapiga picha. Vidonge ni vya kila mwezi na havina picha. Kulikuwa na mwezi ambapo ndugu yetu aligawanya dozi ili zifike mwisho wa mwezi, na hakumwambia mtu, kwa sababu alikuwa amekwisha kutoa ushuhuda mbele ya kanisa lote na aliona haya kurudi kuomba. Mungu alimhurumia, figo halikufa. Tangu mwezi ule kuna kapu dogo karibu na mlango. Halitangazwi. Anayeweza anatia.

Na dada yake tusimsahau. Tulimshangilia Jumapili moja, tukamwacha. Yeye anaishi na figo moja, na linamtosha, lakini apimwe tansio na mkojo kila mwaka, asinenepe, asimeze dawa ovyo. Yeye naye hutembea na kaka yake, na ndiye mwenye hatua ndefu.

Siku ya kwanza ndugu yetu alifika kwenye lango la jirani wa tatu, akarudi. Wiki ya pili alifika kona. Sisi tulikwenda naye, na tukiri kwamba pasta mwenyewe alikuwa anahema, kwa maana huduma ya kukaa kwenye vikao imetunenepesha wote. Mke wa pasta alicheka mpaka akashika ukuta. Ilichukua miezi minne. Jumapili iliyopita alipanda kilima cha kanisa akasimama mara moja tu, tena alisema alisimama kwa ajili ya kumsalimu mtu.

Jumamosi tunaondoka mbele ya kanisa mapema, jua likiwa bado chini. Waje wenye tansio, wenye sukari, wazee waliostaafu Gécamines waliozoea kukaa chini ya mwembe, na kama kuna mwingine mjini aliyepewa figo, aje na ruhusa ya mganga wake. Leteni maji ya kunywa. Ndugu yetu ndiye atakayetangulia, kwa hiyo tutakwenda polepole.